Njia ya Kwenda Paros

Walipofika mpaka wa Moyale, Silasi na Ngollo wakagombana. Ngollo alitaka walale upande wa Kenya. Silasi alitaka wavuke jioni ileile, wakalale Ethiopia.

"Dereva nani hapa?" Ngollo aliuliza.

"Gari lenyewe hujalinunua bado!"

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikamletea Silasi kikohozi cha vumbi hadi machozi yakamtoka. Alikuwa amelala kifudifudi futi hamsini chini ya ardhi, ndani ya duara, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu nje kidogo ya Nzega. Gogo la nguzo lilikuwa limembana mguu, na kifusi kilikuwa kimeziba njia. Sauti ya Ngollo ilimfikia kwa ufa mwembamba, kutoka upande wenye ngazi.

Jambo moja tu lilimpa nguvu, nalo ni kwamba Ngollo alikuwa ametoka. Muda mfupi kabla mwamba haujaporomoka, alikuwa ametangulia kwenda kupanda juu.

"Mimi salama, mdogo wangu," Ngollo alikuwa amesema vumbi la mporomoko lilipotulia. "Wenzetu wanachimba. Mimi nimeambiwa nikae hapa nikuzungumzishe, usije ukalala."

"Malapa yangu yapo huko juu?"

"Yapo palepale kwenye jiwe. Hakuna aliyeyagusa."

Ndivyo walivyofanya pale siku zote. Anayeshuka huvaa mabuti, malapa huyaacha kwenye jiwe bapa kando ya duara, na msimamizi akitazama jiwe anajua nani bado yuko chini.

Kisha Ngollo akamuuliza akitoka angependa kwenda wapi. Silasi alijikuta amesema jambo ambalo hata mkewe, Julieth, hakuwahi kumwambia, kwa kuogopa kuchekwa. Utotoni huko Goweko, baba yake alipokuwa akiuza tumbaku, ofisini kwa wanunuzi palikuwa na kalenda yenye picha ya nyumba nyeupe juu ya bahari ya buluu. Chini yake paliandikwa Paros, Ugiriki.

Ngollo hakucheka. "Basi tutakwenda, na tutakwenda kwa gari."

Aliwahi kuwa utingo wa malori, na barabara hadi Nairobi aliijua vizuri. Ya mbele yake aliisikia kwa madereva, na pale walipoishia yeye akaongeza yake. "Sudan wanapigana, hatupiti. Tunashika Jibuti, gari linapanda meli hadi Saudia, halafu Jordani, Siria, Uturuki, tunavuka. Babu zetu walikwenda Bagamoyo kwa miguu na pembe mabegani, sisi wenye gari tutashindwaje?"

Wakapanga kila kitu. Julieth atakaa mbele, atafungasha michembe ya viazi vikavu ya njia nzima, na kwa maaskari wa mpakani atazungumza Ngollo, maana Silasi akiona sare hupata kigugumizi.

Walipofika Jibuti, kiu ikamshinda Silasi. "Nipitishie maji basi, kaka. Hata kwa mrija."

"Ufa umepinda. Hayafiki."

"Umejaribu?"

"Nimejaribu."

Hasira zikampanda Silasi. "Wewe umekaa huko na chupa yako, wali umeletewa, upepo unakupiga, halafu unanipangia likizo! Njoo ulale huku uone!"

"Una haki ya kukasirika," Ngollo alisema. Kisha akauliza, "Simu yako inasema saa ngapi?"

"Saa nane."

"Za mchana?"

"Si wewe uliye nje?"

"Nakupima tu kama akili bado zipo." Ngollo naye akakohoa, kwa muda mrefu. "Haya, meli imefika. Ingiza gari taratibu."

Silasi aliona aibu, akaingiza gari. Alikuwa anaogopa kufa, anaogopa sana, na kila Ngollo aliponyamaza aliona kama kifusi kinamsogelea. Kwa hiyo alimng'ang'ania kwa maswali. Jordani mafuta yanauzwaje? Siria tunalala wapi? Simu ilizimika wakiwa Siria. Walipoingia Uturuki sauti ya Ngollo ilikuwa nyembamba, na majibu yake mafupi.

"Kimebaki kivuko kimoja," alisema. "Hapa shika wewe usukani. Mimi nasinzia kidogo kiti cha nyuma."

Ndipo Silasi akasikia sururu. Ilikuwa inagonga nyuma yake, kwenye ukuta wa duara la jirani.

"Kaka! Wamenifikia!"

"Nawasikia," Ngollo alijibu. "Tangulia. Niagizie samaki."

Ukuta ulitoboka, taa zikamchoma macho. Walikata gogo, wakamfunga kamba, wakamvuta kupitia shimo la jirani hadi juu, kwenye jua na watu na vilio. Julieth alimkumbatia akamnywesha maji kidogo kidogo. Nestory, msimamizi wa duara, alikuwa amepiga magoti kando yake.

"Mwiteni kwanza Ngollo," Silasi alisema mara tu koo lilipolainika. "Yuko pale kwenye ngazi. Siku mbili hizi ndiye aliyenizungumzisha."

Nestory aligeuka kutazama duara lao, na Silasi akatazama alikotazama. Hapakuwa na ngazi. Udongo ulikuwa umejaa hadi mdomoni mwa shimo, na kwenye jiwe bapa, kando ya malapa yake, yalikuwepo makatambuga ya matairi ya Ngollo.

"Silasi," Nestory alisema, mkono umeshashika sururu, "ina maana yuko hai?"