Uduvi wa Lotte

Kilichobaki cha Lotte kilikuwa pezi moja tu la rangi ya chungwa, limenasa penye mwanya wa jiwe la kushoto.

Heidrun alilitazama kupitia kioo cha tangi la samaki, kahawa ikimpoa mkononi. Mara, mle mwanyani, kitu kikasogea. Gando jeusi, nene kama kidole gumba. Likarudi ndani taratibu, bila haraka yoyote, kama mwenye nyumba anayefunga mlango wake.

"Muuaji mkubwa wewe," Heidrun alisema. Kisha akaketi kwenye ngazi za chumba cha chini, akalia.

Kesho yake mumewe, Eckhard, alikuwa anarudi. Alikuwa amepasuliwa moyo, akapelekwa kule milimani kwenye nyumba ya kupumzishia wagonjwa, na huko akakata tamaa kabisa. Supu hataki, kitandani hatoki. Daktari alimwambia Heidrun kwenye simu kwamba dawa zimefika mwisho wa kazi yake, sasa mzee anahitaji kitu cha kumtamanisha nyumbani.

Kitu hicho kilikuwa Lotte. Kila akipiga simu, ni Lotte.

"Lotte hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Anakula?"

"Anakushinda wewe."

Hapo mzee hucheka kidogo. "Mpe uduvi kwa koleo, pale kwenye jiwe la kushoto. Na usitie mkono, mama. Nazijua pupa zako."

Heidrun aliyaona hayo ni mambo ya mzee na tangi lake. Miaka yote Eckhard akihadithia mambo ya tangi, yeye hufuma soksi na kuitikia "mm". Isitoshe, magoti yake hayakumruhusu kuinama huko chini kwenye mawe. Alinyunyiza chakula juu ya maji, Lotte akaja mbio akitikisa mkia na mistari yake myeupe, basi, kazi imekwisha. Hata akaanza kumpenda.

"Lotte akinisubiri, nitatembea," Eckhard alisema siku moja. Na kweli akaanza kutembea.

Sasa atamwambia nini?

Akampigia Rüdiger, rafiki wa mumewe katika chama cha wafugaji wa samaki na matumbawe pale mjini. Rüdiger akaja na ndoo, wavu, na mfuko wa plastiki wenye samaki wa chungwa, pacha kabisa wa yule aliyeliwa.

"Futa machozi, shemeji. Huyu hata mama yake hawezi kumtofautisha."

"Eckhard ataweza."

"Eckhard? Huyo hutafuta miwani wakati ameivaa."

Akainama, akamulika tochi mwanyani, akapiga mluzi. "Lo! Manyoya mwili mzima, magando meusi. Shemeji, huyu alilidandia jiwe tangu baharini, akajificha humu anajinenepea. Na kwa nani? Kwa mumeo, mwenyekiti wetu! Kila mkutano anatupigia kelele: kaa mdandiaji hana msamaha, nje! Mimi alinifokea mbele za watu kwa kikaa hata kifungo cha shati kinakishinda."

"Basi tusimwambie."

"Tumwambie? Thubutu! Afe kwa aibu baada ya kupona moyo?"

Walijaribu kulitoa jiwe, halikutoka. Matumbawe yalikuwa yamelishika kila upande, na kuyavunja hakuna aliyethubutu. Wakachokoa mwanya kwa waya. Kaa akazidi kuingia ndani. Jasho likamtoka Rüdiger, na jua nalo lilikuwa linainama.

"Nipishe," Heidrun alisema.

Akalitungua koleo refu la Eckhard msumarini, akalibania uduvi, akapiga magoti kwa maumivu. Koleo likamyumba, ncha yake ikagonga kioo. Tik, tik.

Kaa akatoka.

Akatoka mzima mzima, mbele ya tochi na macho ya watu, akanyoosha gando na kuupokea uduvi polepole, kama mtoto anayepewa peremende na bibi yake.

"Hana hata haya, mshenzi huyu!" Rüdiger akamkumba kwa wavu.

Hakupigana. Ndani ya ndoo alitulia tu, vijicho vyake vimelielekea lile koleo. Heidrun akahisi kitu kama huruma kinamjia. Kisha akalikumbuka pezi. Maji aliyachemsha mwenyewe, na kuyamimina ndooni akayamimina mwenyewe.

Kesho yake Eckhard akaingia na fimbo, amekonda, koti linamning'inia. Keki ya plamu hakuigusa. Hata kuketi hakuketi. Alishuka chumba cha chini ngazi moja moja, Heidrun yuko nyuma amemshika mkanda wa suruali, moyo wake yeye ndio unaotaka daktari.

Samaki mpya akaja kiooni, akatikisa mkia. 

Eckhard akamtupia jicho moja tu.

"Huyu si yule."

"Eckhard, nisikilize kwanza..."

"Lotte kamla yule samaki wa kwanza, siyo?" Mzee akacheka mpaka akashika kifua. "Nilijua tu utamsahaulia uduvi wake! Ila Rüdiger asijue, mama, nakuomba. Nitauweka wapi uso wangu?"

Akalitungua koleo, akapiga magoti mbele ya jiwe la kushoto, akagonga kioo kwa ncha yake, tik, tik, akasubiri.