Wimbo Mmoja wa Nakiete

Ukifikia utu uzima unachagua wimbo mmoja wa injili, na masikio yako yanafungwa kwa nyimbo nyingine zote za dini mpaka kufa. Mama, mwimbaji maarufu wa kwaya, hakuwa na shaka kwamba binti yake Nakiete angechagua wake. Binti akachagua wa kufokafoka, wa kijana asiyejulikana.

Ulipoanza redioni jikoni kwao, jiko zima lilijaa utukufu. Nakiete alisikia hata pumzi za mwimbaji, akapiga magoti sakafuni.

“Yaani huyo mvaa kofia kinyumenyume ndiye kanishinda?” mama alifoka. Kisha akamwimbia wimbo wa injili aliombembelezea utotoni. Nakiete aliona midomo tu ikicheza.

“Niombe radhi basi, mwanangu.”

“Siombi, mama.”