Ngozi ya Kitanda cha Bibi

Bibi alijifunika uso kwa kanga pale mjukuu wake Aniceti alipokanyaga mafuta ya pikapu yake.

Petroli iliyopatikana Babati ilitosha gari moja tu. Kati ya pikapu mbili, itakayotangulia kufika juu ya kilima cha Sigino ndiyo itakayolipwa kubeba mahindi ya msimu.

"Bibi, gari la mjukuu wako leo litatuchezea ngoma tena?" watu wa Nangara walimtania.

Kwenye majaribio ya awali, springi za nyuma zilijipinda, gari likarukaruka kama mbuzi, matairi yakachimba matope bila kusonga. Spea hazikuwapo. Bibi akakata mikanda kutoka kwenye ngozi ya ng'ombe aliyokuwa akilalia. Wakailoweka, wakaifunga ikiwa laini kwenye springi, ikakauka juani hadi ikakaza. Mpinzani wa Aniceti mwenyewe ndiye aliyewaazima jeki, Mungu ambariki.

Sasa Bibi alitega sikio, akingoja lile gari liruke.

Halikuruka.

"Funua uso, Bibi! Matairi yameng'ata!" watani wake walipaza sauti.

Alifunua. Pikapu iliinama nyuma kidogo, ikatulia, ikapanda kilima moja kwa moja, ile ya mpinzani ikibaki nyuma katika matope.

Kutoka juu, Aniceti alichomoza kichwa dirishani.

"Bibi! Mwaka huu unalalia godoro!"