Chupa Iliyoganda

Chupa ya insulini ilikuwa imeganda kama jiwe. Wavinya aliitoa kwenye friza, katikati ya mifuko ya samaki, ikamnata vidoleni.

"Niliihamisha jana usiku," alisema mwajiri wake, akisukuma keki ndani ya friji. "Nafasi ilikuwa ndogo. Si uiweke tu juani iyeyuke?"

"Mama, hii ikishaganda imekufa. Haishushi sukari tena. Na ya asubuhi bado sijajidunga."

"Basi vumilia hadi jioni. Wageni wako sebuleni na wewe unaniletea mambo ya chupa!"

Kwa miaka minane katika jumba hilo la Kitisuru, Wavinya alikuwa amelimeza neno hilo, "vumilia", kama uji wa moto, akafua, akapika, akanyamaza. Leo kiu ilikuwa imemkausha ulimi, na macho yalikuwa yameanza kuona ukungu.

Akavua aprini. Akaingia sebuleni bila kubisha, akaiweka chupa mezani katikati ya glasi zao.

"Hamjambo. Mimi ndiye huwapikia mkija hapa," akasema. "Nani kati yenu atanipeleka hospitali sasa hivi?"