Zabomoka

Mashine ya kupima upendeleo wa habari iliwasha taa ya kijani mbele ya kichwa kimoja cha habari: "Nyumba arobaini zabomoka Bondeni."

"Safi, haina upendeleo," alisema Dokta Kihwelo, mkuu wa utafiti. "Bonyeza Kubali, dada Siwatu, twende kwenye inayofuata."

Siwatu hakubonyeza. Kazi yake ilikuwa kuifundisha mashine maneno yanayopotosha.

"Zimebomolewa, Dokta. Kinachobomoka ni ukuta uliochoka. Hizi zimeangushwa na tingatinga la manispaa, na mimi nilikuwa pale nimesimama natazama."

"Magazeti yote sita yameandika zabomoka. Mashine imelinganisha."

"Basi yamedanganya yote sita! Na sisi tunaifundisha mashine kwamba uongo wa wengi ni ukweli."

Dokta alishusha sauti. "Manispaa ndiyo inayotufadhili. Unataka tufungiwe mlango?"

"Mlango?" Siwatu alicheka kicheko kikavu.

Akavuta kibodi, akafuta herufi moja tu. Kwenye skrini pakabaki "zabomo", pengo, kisha "a". Halafu akafungua pindo la kanga yake, akatoa ufunguo wa nyumba, akaulaza juu ya herufi K, na kumsogezea Dokta kibodi.

"Huu wa kwangu hauna mlango tena," alisema. "Haya, jaza mwenyewe, k au lew. Kama ni k, uinue kwanza."

Dokta alinyoosha kidole. Kikabaki hewani, juu ya ufunguo ambao bado ulikuwa na vumbi jekundu la Bondeni.