Jicho Lililobaki la Mama Mbombo

Lori la mwisho la Wakasai, wahamiaji kutoka Kasai waliofukuzwa Kolwezi, lilipiga honi tena. Watoto wa Mama Mbombo walikuwa juu yake. Yeye, ndani ya kliniki yangu, hakuondoa kidevu kwenye mashine ya kupima macho. Jicho lake la pili lilikwisha kufa.

"Retina, ile ngozi ya ndani ya jicho, imevimba, mama," nilisema. "Daktari wa sindano ya macho anafika kesho. Ukienda leo, jicho itazimika mu njia."

"Ao mashine yako ndiyo inavimbisha bitu? Ile ya zamani ilisema niko muzuri."

Ile ya zamani iliporwa, na mashine mbili hazipimi sawa. Lakini ile ya zamani ilikuwa imepima jicho langu mimi pia, lisilo na ugonjwa, na kipimo chake nakikumbuka. Likionekana limevimba nalo kwenye hii mpya, kosa ni la mashine, na mama aende.

Niliketi mahali pake, kidevu kwenye plastiki iliyolowa jasho lake. Nikabonyeza.

Kipimo kilikuwa kilekile cha zamani.

"Si mashine, mama."

Nje, vijana wenye mapanga walikuwa wakingojea Wakasai watakaobaki.

Mama Mbombo alivua viatu, akavisukuma chini ya kitanda cha wagonjwa.

"Ambia batoto baende," akasema. "Na ufunge mulango."