Chupa ya Siku ya Mlima

Tangu saa mbili asubuhi fundi alikuwa akinyoosha gurudumu ambalo lilikwisha nyooka zamani. Alilizungusha, akakaza spoki moja, akailegeza tena. Simu ilikuwa juu ya sanduku la vifaa, na haikulia.

Baiskeli yenyewe ilikuwa yake. Za wateja hazikuwapo. Miezi mitatu iliyopita alikwenda mbele ya tume ya michezo akasema kwamba nahodha wake wa zamani katika timu ya mbio za baiskeli, bingwa ambaye picha yake imebandikwa kwa kila kinyozi, alishinda kwa dawa za kuongeza nguvu. Tangu hapo watu walizisukuma baiskeli zao mbovu kupita mlangoni pake hadi kwa fundi wa mtaa wa pili. Jirani mwenye duka la viatu, ambaye asubuhi haikumpita bila utani, siku hizi alipata shughuli za ghafla uani kila fundi alipotokeza. Wenzake wa timu walimtoa kwenye kundi la simu bila hata kwaheri. Fundi si mwepesi wa machozi, lakini siku hiyo alilia.

Nahodha wala hakukasirika. Alisimama mbele ya kamera, akatoa lile tabasamu lake la jukwaani, akataka chupa yake ya mkojo ifunguliwe. Chupa hiyo ilikuwa imegandishwa maabara tangu siku ya mbio za mlima, miaka minane iliyopita. Ipimwe upya, alisema, kwa mitambo ya kisasa.

"Wakikuta kitu, medali nairudisha kwa mikono yangu mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Fundi akazima televisheni. Alijua kabisa kwamba chupani hamna dawa. Tume alikuwa ameieleza mengi: sindano, mifuko ya damu, chumba cha hoteli kilichofungwa mapazia mchana kutwa. Jambo moja tu alikuwa amelimeza. Majibu yangetoka leo, na leo hii angeitwa mwongo mbele ya dunia nzima.

Aliyebaki kumpigia simu ni binti yake peke yake.

"Baba, wewe jipe moyo," alimwambia jana. "Timu nzima ilioza, uliyebaki msafi ni wewe tu. Mimi najivunia hilo, nakwambia kweli."

"Sindano sikuigusa hata moja, mwanangu. Mimi nilikunywa vitamini za daktari wa timu, basi."

"Sasa unaogopa nini?"

Alisingizia kwamba mteja ameingia, akakata simu. Kisha akabaki amekaa katikati ya karakana tupu, akijionea aibu kwa uongo mdogo kama ule.

Saa nne na robo simu ikalia. Aliiacha iite mara tatu ndipo akapokea.

"Baba!" Binti alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. "Wamekuta dawa! Tena imejaa tele! Bingwa wako kakaa pale mdomo wazi!"

"Chupa ipi?"

"Ipi tena, baba? Ile ya siku ya mlima, yenye namba yake! Umeshinda!"

Mlangoni alikuwa amesimama jirani wa viatu, vikombe viwili vya chai mkononi, anachekacheka kwa haya. Fundi alimtazama asimwone. Simu ilikuwa bado sikioni, binti anaita, baba, baba.

Asubuhi ile ya mlima nahodha alikuwa amemwomba msaada wa kirafiki: mkojo wa mtu asiyetumia dawa, autie kwenye chupa ya wapimaji kama wake. Fundi, ambaye hakuwa ametumia chochote ila vitamini za daktari, akajifungia chooni, akamjazia.